Pipa la komoni likinyamaza, lipime kwa puto kabla hujalimwaga

Juni na Julai, usiku wa Mbeya na Makete ukishuka chini ya nyuzi 10, komoni, pombe ya kienyeji ya nafaka, hugoma kutoa povu na mpishi hajui kama imekufa au imepoa tu. Usikimbilie kuongeza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa inayobeba chachu. Koroga pipa hadi chini, maana chachu hulala kwenye machicha, kisha chota robo lita, mimina kwenye chupa safi ya plastiki ya nusu lita, tia kijiko cha chai cha sukari na uvike mdomo puto. Usifunge kifuniko, itapasuka. Iweke karibu na jiko, pale mkono unaposikia uvuguvugu tu.

Puto likisimama ndani ya saa chache, chachu ni hai. Tatizo ni baridi: zungushia pipa magunia au blanketi, na lipandishe juu ya mbao, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto usiku kucha. Lisipoinuka hadi kesho yake, huenda kimea kilitiwa kwenye uji ukiwa bado wa moto. Kwenye nyuzi 55 hivi chachu haiponi. Tia kimea kingine, safari hii uji ukiwa vuguvugu.

Kipimo hiki hakioni uchafu. Ukisikia harufu kali ya siki au ukiona ukungu juu, mwaga hata kama puto limejaa. Wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi, hawana haja nacho, wao pombe yao huanza kuchacha ikiwa bado kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia.