Kabla hujaivalisha kerisi ya Bali

Ukipata kerisi ya Bali, yaani jambia la jadi la kisiwa hicho cha Indonesia, iliyopoteza mpini au ala, usiivalishe vya kisiwa jirani cha Java kwa sababu tu ndivyo vilivyo karibu. Bapa la Bali kwa kawaida ni refu na zito zaidi. Mpini mwembamba wa Java haulifai hata kidogo.

Anza na mdomo wa ala. Chomeka bapa taratibu: kile kitako chake kipana, chenye upande mmoja mrefu kuliko wa pili, kinatakiwa kiketi sawasawa ndani ya mfereji uliochongwa juu ya ala. Kikiacha mwanya au kikigoma, ala hiyo ilitengenezewa kerisi nyingine. Tafadhali usiipige patasi ala ya zamani ili iingie kwa nguvu. Tafuta fundi akuchongee mpya.

Ukiuziwa ala ya mti wa pelet, wenye mabaka meusi, chungulia ukingo wa mdomo: baka la asili huzama ndani ya mti, la kupakwa huishia juujuu.

Na mpini usiugundishe. Viringisha kitambaa chembamba kwenye mkia wa chuma unaotoka kwenye kitako cha bapa, kisha usukume mpini mpaka ukaze. Siku ya kusafisha utashukuru.