Roadster inayogoma kukata kona: kuipanga upya ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni wa Mazda Roadster, inayojulikana nje ya Japani kama MX-5, ya kizazi cha NA (1989 hadi 1997) na NB (1998 hadi 2005). Ni gari la takribani kilo 950 hadi 1,100, injini mbele, msukumo magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu limeshikwa na mkono wa juu na wa chini. Mikono ya chini, mbele na nyuma, inafungwa na bolti zenye kamu (kisahani kisicho katikati, kinachousogeza mkono ukizungusha bolti). Maana yake, mengi unayohitaji kurekebisha yapo tayari tangu kiwandani. Usinunue springi wala stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona) kabla hujamaliza hatua ya 4.

Tatizo lenyewe ni hili: umeingia kona, umekunja usukani, lakini pua inaendelea kwenda nje. Unaongeza kukunja, hakuna kinachobadilika zaidi ya tairi za mbele kupiga kelele. Zimefika mwisho wa mshiko wakati za nyuma bado zina akiba. Dawa ni mbili tu, kuziongezea mshiko za mbele au kuzipunguzia za nyuma. Anza na ya kwanza. Huku pwani, ambako upepo humwaga mchanga juu ya lami, gari linaloteleza nyuma ni hatari kuliko linalosukuma pua.

Hatua ya 1: Ondoa ubovu kwanza

Inua mbele kwa jeki, weka stendi. Shika tairi saa 12 na saa 6, itikise. Kisha saa 3 na saa 9. Mchezo wa juu-chini unaelekeza kwenye bolijointi au beringi, wa pembeni kwenye tairodi endi. Tazama bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini: zikiwa zimepasuka, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) yoyote utakayopiga itahama gari likiegemea kona. Shokapu inayovuja mafuta haifai kubaki.

Soma tarehe ya tairi ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zina kashata (mikato ya sehemu inayokanyaga) nzuri lakini mpira umekauka, na zikifungwa mbele huku za nyuma ni mpya, umeshajitengenezea tatizo unalolitafuta. Funga aina moja pande zote nne.

Hatua ya 2: Upepo

Kwa tairi za awali za 185/60R14, upepo wa kiwandani wa NA ni psi 26 mbele na nyuma. Pima alfajiri, gari likiwa limelala. Upepo hupanda karibu psi 1 kwa kila ongezeko la nyuzi 5 hadi 6 za joto, na gari lililoegeshwa ubavu mmoja juani na mwingine kivulini litakudanganya: kushoto 29, kulia 27, kumbe ni sawa. Nunua geji yako mwenyewe, uitumie hiyohiyo siku zote. Geji za sheli mbili hazikubaliani.

Kisha chora mistari 3 ya chaki kwenye kila tairi, kutoka ukingo wa kashata hadi ubavuni. Zungusha kona chache, usimame, utazame. Chaki iliyofutika hadi ubavuni inasema tairi inajikunja: ongeza psi 2. Chaki iliyobaki juu ya kashata, karibu na ukingo, inasema upepo umezidi: punguza 1. Tafuta mahali inapofutika mpaka kwenye ukingo tu. Ukishaongeza psi 3 au 4 na bado ubavu wa nje unaliwa, basi shida si upepo, ni kemba (tairi kulalia ndani au nje ukiitazama kwa mbele).

Hatua ya 3: Uwanja wa majaribio

Kona za Mikindani zinazozunguka ghuba zinavutia, lakini si mahali pake. Kuna baiskeli, watu na mabasi, na msimu wa korosho unapoanza, malori ya magunia yanashuka kuelekea bandarini Mtwara. Omba ruhusa kwenye uwanja wa zege au lami, kwa mfano wa ghala lisilotumika nje ya msimu, wenye nafasi ya mita 70 kwa 70. Fagia mchanga.

Weka dumu la lita 20 lenye maji katikati, funga kamba ya mita 15, zungusha alama ya chaki. Endesha juu ya duara hilo kwa gia ya 2, ukiongeza mwendo pole pole hadi pua ianze kutoka. Kwa tairi za kawaida zenye afya utafika karibu kilomita 40 kwa saa, na mzunguko mmoja utachukua sekunde 8 hadi 9. Piga saa mizunguko 3 kulia na 3 kushoto, andika wastani. Hicho ndicho kipimo chako. Hisia ya usukani husahaulika kufikia kesho yake. Sekunde zilizoandikwa hazisahauliki.

Andika pia pua inatoka lini. Ikitoka mwanzoni mwa kona, shuku tou (tairi kuelekea ndani au nje ukizitazama kwa juu), shokapu za mbele, au mguu uliotoka kwenye breki ghafla ukainua pua. Ikitoka katikati, shuku kemba na stabilaiza. Ikitoka ukikanyaga mafuta kumalizia kona, mara nyingi umekanyaga mapema mno.

Hatua ya 4: Alaimenti

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi hukwama, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Bolti za kamu hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Mwagia dawa ya kutu siku moja kabla, rudia usiku. Legeza nati, kisha jaribu kuzungusha bolti taratibu. Ikizunguka pamoja na mpira wa bushi, acha, ukilazimisha utaukata. Usipashe moto bushi unayotaka kuibakiza. Bolti iliyokufa hukatwa kwa msumeno, ikafungwa mpya pamoja na bushi yake, na hii mpya ipakwe grisi kabla ya kuingia.

Kalisha dereva kwenye kiti, au weka mifuko ya mchanga yenye uzito wake. Tenki liwe nusu. Vipimo vya kuanzia kwa gari la barabarani:

Mbele: kemba hasi digrii 1.5, kasta (mhimili wa kukunjia gurudumu kulalia nyuma) digrii 5 au zaidi kama bolti zinaruhusu, zilingane kushoto na kulia, na tou sifuri.
Nyuma: kemba hasi digrii 1.5, tou ya ndani milimita 1.5 hadi 2 kwa jumla.

Kemba hasi ni juu ya tairi kulalia ndani. Gari likilala kwenye kona, tairi ya nje hutaka kusimamia ubavu. Kemba hasi huirudisha ikanyage kwa upana wake wote. Pima kwa timazi: ining'inie mbele ya rimu, pima umbali hadi rimu juu na chini. Kama pointi mbili zimeachana milimita 380, digrii 1 ni tofauti ya milimita 6.6, na digrii 1.5 ni milimita 10. Sakafu iwe usawa. Hakiki kwa mpira wenye maji, si kwa macho.

Kuongeza kemba hasi, kamu zote mbili za mkono wa chini zisukume chini ya gurudumu kwenda nje. Kuzisogeza moja ndani na nyingine nje kunabadilisha kasta. Kwa hiyo utaratibu ni kasta, kemba, halafu tou mwisho kabisa, kwa kuwa kila ukigusa kemba, tou inahama. Kwa tou, funga nyuzi mbili sambamba pembeni mwa gari, zilingane umbali na katikati ya rimu kushoto na kulia. Usilazimishe umbali wa mbele na wa nyuma ufanane, kwa sababu nyuma ya Roadster ni pana kidogo. Zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kilekile, la sivyo usukani utakaa upande.

Kwa kona kali unaweza kujaribu tou ya nje ya milimita 1 mbele. Pua itaitika haraka zaidi, lakini safari ya Mtwara hadi Mingoyo utaishika gari kwa mikono miwili, na ukingo wa ndani wa tairi utaisha mapema. Kwa gari la kila siku tunashauri sifuri.

Kaza bolti za mikono gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, mpira wa bushi hubaki umejisokota, hupasuka, na urefu wa gari haukai sawa. Nati za rimu ni Nm 88 hadi 118. Sukuma gari mbele na nyuma mita 5, pima upya.

Hatua ya 5: Springi zilizoshushwa

Wengi wanashusha pua kwa mwonekano. NA ina nafasi ndogo ya shokapu kusafiri. Ikishushwa sana, shokapu inakalia mpira wake wa kizuizi katikati ya kona na pua inatoka ghafla. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, endesha duara, tazama iliposukumwa. Ikigusa kizuizi, pandisha mbele milimita 10 kwanza.

Hatua ya 6: Stabilaiza

Ugumu wake hupanda kwa kipeo cha 4 cha unene: kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46. Ndiyo sababu kufunga nene mbele peke yake mara nyingi huzidisha ubishi wa pua. Kama ya nyuma ina matundu, hamishia linki (kifimbo kinachoiunganisha na mkono) tundu moja karibu na pale stabilaiza inapopinda, upande mmoja kisha wa pili. Mkono ukifupika kutoka milimita 200 hadi 180, ugumu unaongezeka karibu robo.

Rudi kwenye duara, piga saa. Kisha jaribu kuachia mafuta polepole ukiwa kwenye mwendo wa juu: mkia ukianza kutoka kwenye lami kavu, rudisha tundu la mwanzo. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, lami ya Lindi itaunyima mkia hata ule mshiko uliobaki.