Umegongwa Ukiwa kwenye Baiskeli: Namna ya Kulinda Haki Yako na Kudai Fidia

Mwendesha baiskeli aliyegongwa na gari ana haki ya kudai fidia kama mtumiaji mwingine yeyote wa barabara. Kutokuwa na bima yake mwenyewe hakumnyimi haki hiyo, kwa kuwa anayetakiwa kulipa ni upande uliosababisha ajali. Kinachoangusha madai mengi ni ushahidi uliopotea siku za mwanzo, wakati majeruhi anafikiria maumivu tu.

Pale barabarani

Kama shingo au mgongo unauma, usisogee. Waombe watu wazuie magari. Kama unaweza kusimama, toka kwenye njia ya magari kisha piga simu polisi, hata kama dereva anakusihi mmalizane wenyewe. Pasipo taarifa ya polisi, bima yake itaanza kwa kuuliza kama ajali ilitokea kweli.

Chunga unachosema. Wengi wetu tukiinuliwa kutoka chini tunajibu upesi kwamba tuko sawa, hakuna shida. Maneno hayo yakiingia kwenye maelezo ya dereva au ya askari, yatarudi miezi kadhaa baadaye kuthibitisha kwamba hukuumia. Mtu aliye kwenye mshtuko hahisi maumivu yote. Sema, "Bado sijui, nataka daktari anione," na usikubali kosa lolote hapo.

Picha ya kwanza iwe ya namba ya gari, kwa sababu gari linaweza kuondoka. Kisha piga picha baiskeli na gari yalivyokaa kabla hayajasogezwa, alama za breki, vioo vilivyovunjika, taa za barabarani na hali ya lami. Rudi nyuma hatua ishirini hivi, upige kila upande barabara nzima ionekane. Picha za karibu peke yake hazionyeshi nani alitoka wapi. Chukua jina na simu ya kila shahidi, na umpigie papo hapo uhakikishe namba inaita. Kama kuna kamera kwenye jengo la jirani, mwandikie mwenye jengo siku hiyo hiyo akutunzie rekodi, maana mitambo mingi hufuta picha za zamani baada ya siku au wiki chache.

Hospitali

Nenda siku hiyo hiyo na utaje kila sehemu inayouma, hata ile unayoiona ndogo. Jeraha ambalo halimo kwenye cheti cha kwanza ndilo bima hulipinga kwa nguvu zaidi. Mfano mzuri ni kifundo cha mkono. Mtu anayeanguka na baiskeli hujikinga kwa kiganja, na mfupa mdogo ulio chini ya kidole gumba huweza kupasuka bila ufa kuonekana kwenye eksirei ya kwanza. Ndiyo maana madaktari hurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Kama siku ya kwanza ulisema "goti tu", utaulizwa mkono uliuvunjia wapi. Kichwa kikiwa kimegongwa, kisha ukatapika, ukachanganyikiwa au ukapatwa na usingizi usio wa kawaida, rudi hospitali mara moja.

Usiitengeneze baiskeli

Iweke ilivyo, pamoja na helmeti na nguo zilizochanika. Rimu ya nyuma iliyojikunja inaunga mkono maelezo kwamba uligongwa kwa nyuma. Rangi ya gari iliyobaki kwenye pedeli inaonyesha ubavu uliopigwa. Kama ilikuwa usiku, rekodi video taa ya nyuma ikiwaka, ikiwezekana askari akiwepo, kwa sababu hoja ya kwanza ya dereva itakuwa kwamba hukuonekana. Fundi akupe makadirio kwa maandishi yanayotaja kila kipuri, na akague fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele. Nyufa za hapo mara nyingi hazionekani kwa haraka.

Nani analipa

Kwa kawaida ni bima ya lazima ya gari, ile inayomlinda mtu wa tatu. Dereva akiwa kazini, mwajiri wake pia anaweza kudaiwa. Aliyekufungulia mlango wa gari ghafla anawajibika ingawa gari lilikuwa limesimama. Dereva akikimbia au akiwa hana bima, usikate tamaa: nchi nyingi zina mfuko wa kulipa majeruhi wa namna hiyo. Uingereza, kwa mfano, ina Motor Insurers' Bureau tangu 1946. Mifuko hii husisitiza ajali iripotiwe polisi mapema.

Kama kilichokuangusha ni shimo, mdaiwa ni mwenye kutunza barabara. Lipige picha rula ikiwa ndani kuonyesha kina, kabla halijazibwa. Angalia pia muda wa kutoa notisi, kwani madai dhidi ya mamlaka za umma mara nyingi huwa na muda mfupi zaidi.

Ukiambiwa nawe ulikosea

Katika sheria za nchi nyingi, sehemu yako ya kosa hupunguza fidia bila kuifuta. Hasara ikiwa 1,000,000 na kosa lako asilimia 20, unapata 800,000. Uholanzi inamlinda mwendesha baiskeli zaidi: mtu mzima aliyegongwa na gari hupata angalau nusu ya hasara yake, isipokuwa pale uzembe wake unapokaribia makusudi. Ufaransa, kwa sheria ya 1985, uzembe wa kawaida wa mwendesha baiskeli haumpunguzii fidia ya majeraha. Kinyume chake, Virginia na Alabama nchini Marekani, kosa lako dogo tu linaweza kukunyima kila kitu. Kwa hiyo usikubali asilimia yoyote kwa simu kabla wakili hajaona ushahidi.

Kupiga hesabu na kusaini

Dai matibabu, dawa, nauli za kliniki, baiskeli, kipato ulichokosa, maumivu, ulemavu unaobaki na gharama za mbele kama upasuaji wa kutoa vyuma. Usisahau saa ambazo ndugu alikuogesha na kukupikia. Baadhi ya mahakama huzihesabu. Asiye na mshahara athibitishe kipato kwa daftari la mauzo au miamala ya simu ya miezi kabla ya ajali. Kila siku andika mistari miwili: ulichoshindwa kufanya, na ulivyolala.

Ofa ya haraka huja wakati bili zinakubana, na ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Hati ya kumaliza madai ikishasainiwa, upasuaji utakaogundulika baadaye ni juu yako. Subiri daktari aseme hali imetulia. Lakini subira isipite ukomo wa kisheria: England ni miaka 3 kwa madai ya majeraha, na kwingine ni mfupi au mrefu zaidi. Mazungumzo na bima kwa kawaida hayasimamishi muda huo. Ukikaribia kwisha, wakili afungue shauri, mazungumzo yaendelee baadaye. Kabla ya kumpa kazi, mkubaliane kwa maandishi analipwa kiasi gani, na nani atabeba gharama mkishindwa.