Motokari ya Versement Kule Marekani: Uliza Kwanza Bima Ni ya Nani

Naandika haya nikiwa Katuba, kwa mama. Nimekuja kumzika baba mdogo. Tangu nifike Lubumbashi, kila jioni mtu anakuja na ombi lilelile: mtoto wake yuko Dayton, au Louisville, ana miezi michache tu, nimtafutie mtu wa kumpa motokari afanye Uber, ile teksi ya kuitwa kwa simu, "kwa versement, kama hapa". Tantine mmoja, yaani shangazi, amenuna kabisa niliposema hapana. Tantine, si choyo. Mimi mwenyewe niliifanya hiyo versement kule Ohio, na deni lake nililipa miezi kumi na moja.

Hapa kwetu versement haina fumbo. Patron ana taksi, wewe huna; asubuhi unachukua funguo, jioni unampelekea pesa yake, kinachobaki ukishatia mafuta ni chako. Ukigonga, familia zinakaa, roulage, polisi wa barabarani, anapata lake, fundi ananyoosha bati, maisha yanaendelea. Bima ni karatasi ya kumwonyesha polisi. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni mpaka sheria ya 2015 ilipowafungulia na wengine mlango, na sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kuigeuza ile karatasi wasome upande wa pili. Na akili hiyo ndiyo tunayopanda nayo ndege.

Mimi nilikodi kwa ndugu tunayesali naye. Dola 320 kwa wiki, hakuna mkataba, tulipeana mikono baada ya ibada. Aliongeza jina langu kwenye bima yake, nikatuma karatasi kwenye programu ya Uber ya simu, ikakubaliwa. Nikaona nimemaliza. Kumbe programu kuikubali karatasi yako si bima kukubali kukulipa. Narudia, maana hapa ndipo wengi wanapoumia: programu inatazama jina lako na tarehe. Kama siku ya ajali utalipwa au hutalipwa, hilo haikuambii.

Bima ya kawaida ya mtu binafsi kule huwa inamtoa nje mtu anayebeba watu kwa malipo. Imeandikwa humohumo ndani. Ndugu yangu hakuiambia kampuni yake kwamba motokari imeingia kwenye kazi ya teksi, kwa kuwa bei ya mwezi ingepanda. Mimi sikuuliza.

Sasa shika vizuri. Programu ikizimwa, uko chini ya bima ya motokari yenyewe. Ukishakubali ombi la mteja, mpaka anashuka, Uber na mwenzake Lyft wana bima ya dola milioni 1 kwa madhara utakayowafanyia wengine. Motokari nayo inaweza kutengenezwa, lakini ikiwa tu bima yake binafsi ina sehemu ya matengenezo, na 2,500 za kwanza zinatoka mfukoni mwako. Kati ya hapo kuna shimo: programu imewashwa na bado unasubiri mteja. Katika majimbo mengi, hapo bima ya programu ni dola 50,000 kwa kila aliyeumia, 100,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali ya watu. Kwa motokari unayoendesha wewe, Uber haitoi kitu. Na bima binafsi inasema ulikuwa kazini. Ukisikia dereva anasema "nilikuwa nasubiri tu", jua ameangukia humo.

Mimi niliangukia humo. Januari, usiku, nazunguka taratibu nikingoja simu ilie. Kuna barafu kule ambayo haionekani, lami inabaki nyeusi kama kawaida. Kwenye kona motokari iliteleza kama sabuni kwenye sinki, ikaenda kukumbatia nguzo. Hakuna aliyeumia. Motokari tatu zilipita. Ya nne ilisimama, bwana akateremsha kioo, akauliza kama niko salama, akaniitia polisi, akaenda zake. Hapa Katuba vijana kumi wangekuwa wameshaisukuma na wanadai franka zao. Zamani nilisema Wamarekani wana roho baridi. Siku hizi naona kazi ya ujirani wameiachia kampuni, wanailipia kila mwezi, na ndiyo maana asiyelipia vizuri anabaki peke yake barabarani.

Kesho yake mama mmoja wa bima alinipigia, sauti tamu, akaniuliza shingo hainiumi? Nilipata usingizi? Halafu, kwa sauti ileile: programu ilikuwa imewashwa? Nikasema ndiyo. Barua ya kukataa ilifika wiki iliyofuata. Wajomba hapa wanacheka, wanasema ningejibu hapana. Wajomba, simu inaandika hata sekunde, na kudanganya bima kule ni jinai. Mgeni ambaye karatasi zake za ukaazi bado zinatazamwa hachezi mchezo huo.

Matengenezo yalifika dola 4,100. Tena wiki tano motokari ikiwa gereji, ndugu yangu aliendelea kuhesabu versement. "Kwani ni mimi niliyegonga?" Hatukuwa na karatasi ya kusema inahesabiwa au haihesabiwi. Mchungaji alituketisha mara mbili. Mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa.

Kwa hiyo, motokari ya mwenzako usiichukue mpaka apige simu kwa bima yake wewe ukiwa umekaa pale, aseme wazi kwamba itabeba abiria wa programu na kwamba dereva ni wewe. Akigoma, umeshapata jibu. Na usidhani kampuni ya kukodisha inakuokoa: mkataba wa kawaida, ule wa watalii wa uwanja wa ndege, kwa kawaida unakataza kubeba watu kwa malipo. Ukiuvunja, bima yake inaweza kukukataa vilevile. Kodi kupitia mpango wa madereva ulio ndani ya programu yenyewe. Ni ghali, unauma. Hata hapo uliza: nikiwa nasubiri mteja nikagonga, motokari hii anaitengeneza nani, na mimi natoa ngapi? Jibu liwe kwa maandishi. Ukijibiwa kwa tabasamu, toka.

Uliza pia kodi ya motokari inasimama lini. Mteja akikulalamikia, akaunti inaweza kufungwa ghafla wakati uchunguzi unaendelea, na kodi ya wiki haijui habari hiyo. Rudisha motokari siku hiyohiyo, mchana, mbele ya mtu, uchukue risiti.

Mengine ni mepesi: leseni na uzoefu wa mwaka 1 angalau, picha za kila mkwaruzo kabla hujawasha injini, ushuru wa barabara usiuache urundikane.

Kodi ya serikali pia usiisahau. Kule unahesabiwa umejiajiri, na 15.3 kwa mia ya karibu faida yako yote inaondoka hata kabla ya kodi ya mapato. Karatasi ya mwisho wa mwaka inaandika yote aliyolipa abiria, pamoja na yale programu iliyokata, kwa hiyo gharama zako uzionyeshe mwenyewe. Pesa ya kukodi motokari ni gharama halali. Lakini versement ya mkono kwa mkono, baada ya ibada, utaithibitisha na nini?

Tantine, mtoto nitampigia Jumapili, kule kukiwa asubuhi. Mwambie asilipe kitu kabla ya hapo, na akae na ile karatasi ya bima mkononi, kurasa zote. Tutaisoma pamoja.