Tope la Sabaki lina picha: kupiga Malindi wakati wa masika

Ikifika Mei, wageni wameondoka, hoteli nyingi zimefunga, na bahari ya Malindi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni Mto Sabaki huo, ambao huko juu ni Athi na ukishapita Tsavo ni Galana, unashusha udongo mwekundu wa bara. Watu wanasema bahari imechafuka na kamera zinarudi kabatini. Mimi ndipo nachaji betri zote.

Hatua ya 1: Angalia mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yetu hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Saa nne jua limeshakuwa kali, usiingoje hiyo. Fika mlangoni mwa Sabaki, mto unapoingia baharini, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa chini na maji yakiondoka mbio, yakichora vijito kwenye tope kama mizizi. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, hayachori kitu cha maana. Siku hizo lala.

Hatua ya 2: Uliza upepo. Kaskazi ikiwa bado inavuma, maji mekundu huja upande wa mji. Kusi ikishika, husukumwa kuelekea Mambrui, kaskazini mwa mlango wa mto. Hapo panda vilima vya mchanga vya upande ule utafute mstari ambapo wekundu unakutana na bluu. Mstari huo ukiupata, huhitaji mashua wala mnazi kwenye picha.

Hatua ya 3: Salimia kabla ya kushuka. Kwenye mlango wa Sabaki kuna viboko, na alfajiri ndipo wanaporudi majini kutoka malishoni. Wavuvi wanajua walipo. "Shikamoo mzee, viboko wako upande gani leo?" Swali hilo linatosha, na ukitaka kumpiga picha yeye au wavu wake, muombe hapo hapo. Vua viatu. Mimi nilibisha, nikazama hadi goti, na kiatu cha kushoto mpaka leo kiko huko.

Hatua ya 4: Chuchumaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasimama wima na kupiga tope kutoka juu, linatoka kama barabara mbovu. Shusha simu au kamera mpaka iwe shubiri moja kutoka chini, ukielekea upande wa jua. Kila mkunjo wa tope utapata kivuli chake. Kisha usitikisike. Vile vikaa vidogo vilivyokimbilia mashimoni ulipofika vitaanza kutoka baada ya dakika chache, macho kwanza. Dume ana gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, na analipunga juu na chini kama mtu anayesimamisha matatu. Mpige picha hapo, kwa kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Heroe (flamingo) wakiwepo waache mbali. Ukiwakurupusha umewaharibia mlo, na utaambulia migongo.

Hatua ya 5: Inyang'anye kamera uamuzi wa rangi. Ikiachiwa yenyewe huona wekundu kama kosa, inaupoza mpaka tope linakuwa la kijivu. Weka mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya jua. Punguza mwangaza kidogo, -0.7 hivi, maana tope bichi linameta kama kioo na ule mng'ao ukishaungua haurudi. Kamera yako ikiweza, hifadhi faili ghafi (RAW).

Lenzi usiibadilishie ufukweni. Ukifika nyumbani futa kila kitu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi haingoji kesho.

Kwenye kuhariri, fanya kidogo. Mwenye hoteli mmoja alizipenda picha zangu za Mei, ila akaomba niifanye bahari iwe bluu. Nikamuuzia ya Januari.