Kupima usikivu wa watoto kituoni na kuandika daftari lisilompoteza mtoto

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza muuguzi mgeni katika kituo kimoja cha afya cha huku Pemba, ambaye alishangaa kuona kwamba nilitumia muda mwingi kwenye daftari kuliko kwenye mashine. Unawahusu watoto wa miaka minne na kuendelea.

Hatua ya 1. Chagua chumba kilicho mbali na foleni ya chanjo, na usipime mvua inapopiga bati.

Hatua ya 2. Chungulia masikio. Sikio linalotoka usaha halivishwi vipokea sauti, litibiwe kwanza.

Hatua ya 3. Mfundishe mtoto kutia kizibo cha soda kikombeni kila asikiapo mlio. Mimi situmii komwe za bao, kwa sababu huishia puani. Kaa asipouona mkono wako, kisha pima kila sikio kwa milio ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 1000, 2000 na 4000, kwa ukubwa wa sauti wa desibeli 20. Akikosa mlio wowote, mwelekeze upya na umpime tena papo hapo. Akikosa tena, mwandikie rufaa.

Hatua ya 4. Andika. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku mbili nikiwatafuta watoto watatu wa rufaa, wote wameandikwa "Khamis Ali". Majina matatu nayo hayatoshi, kwa kuwa kwetu mjukuu hurithi jina la babu, na Khamis Ali Khamis hakosekani kila kijiji; ongeza jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi ya kliniki. Kuhusu shehia, uliza mtoto analala wapi, kwani mama aliyerudi kwao kujifungua huja na mtoto wake mkubwa, akataja shehia ya wazazi wake, na baada ya arubaini huwa amesharejea kwa mumewe. Chukua namba mbili za simu na uandike kila moja ni ya nani.

Kila sikio liwe na safu yake. "Hakupita" si sawa na "hakupimika": huyu wa pili alilia au alisinzia, na anahitaji siku nyingine, si rufaa. Safu ya mwisho, "amefika rufaa", iache wazi mpaka upate jibu. Kila Jumatatu mimi hupitisha kidole kwenye safu hiyo na kuwapigia simu walio wazi. Kwa kazi hii ninapendelea daftari la kaunta kuliko karatasi za kujaza, ambazo hupeperuka.

Matokeo yaandike pia kwenye kadi ya mtoto kabla mama hajainuka kitini.