GP na somo dogo: pointi zinazosahaulika mtoto anapoomba Makerere

Ndugu Watanzania na Wakongo mnaosomesha Kampala, mtoto akiingia Senior Five (S5, kidato cha tano) mazungumzo yote nyumbani huwa ni kombi, yaani mchanganyiko wa masomo makuu matatu: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), HEG (Historia, Uchumi, Jiografia). GP, ule mtihani wa maarifa ya jumla ambao ni lazima kwa kila mmoja, huchukuliwa kama nyongeza tu. Vivyo hivyo somo dogo, ama hisabati ndogo ama kompyuta. Yote mawili yanahesabiwa, na kwenye kozi zenye ushindani mkali yanaweza kumuacha mtoto nje.

Hesabu yenyewe iko hivi. Somo kuu lenye A lina pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2. Chuo Kikuu cha Makerere huzidisha masomo mawili ya lazima kwa kozi husika mara 3, la tatu mara 2, halafu GP na somo dogo mara 1. Mtoto wa PCB anayeomba udaktari, mwenye Baiolojia B, Kemia B na Fizikia C, ana 15, 15 na 8, yaani 38. Akifaulu GP na kompyuta anafika 40.

Hapa ndipo naomba wazazi mtulie. Masomo haya mawili husahihishwa kwa daraja 1 hadi 9. Ukipata 1 au ukipata 6, pointi ni ileile moja. Kuanzia 7 hupati kitu. Kwa hiyo msimkeshe mtoto akitafuta 1 ya GP huku Kemia inalegea, maana Kemia ikitoka B kwenda A inamuongezea pointi 3 nzima. Ila ile 6 aihakikishe. GP ni insha na ufahamu kwa Kiingereza, na mtoto aliyesomea Kiswahili au Kifaransa mpaka juzi huumia hapo kuliko kwenye Fizikia. Asome gazeti, aandike insha moja kila wiki, mwalimu amsahihishie. Aanze S5, asingoje muhula wa mwisho.

Matokeo ya S4 (kidato cha nne) nayo yanaingia. Kwa vyeti vya mfumo wa zamani, kila somo lenye D1 au D2 huleta 0.3, C3 hadi C6 huleta 0.2, P7 na P8 huleta 0.1. Huku hakuna somo kubwa wala dogo: D1 ya Kiswahili inalingana na D1 ya Fizikia, na kwa watoto wetu hiyo ni faida ya bure. Msizidharau desimali hizi, kwa sababu hata mstari wa kuingilia kozi hutangazwa kwa desimali. Waliofanya S4 kuanzia 2024 wana cheti cha mtaala mpya chenye herufi A hadi E, basi waulize ofisi ya msajili hesabu ya mwaka wao. Wasichana huongezewa 1.5.

Aliyemalizia kidato cha nne au cha sita Tanzania hana budi kwanza vyeti vyake vilinganishwe UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Pelekeni mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, mkiwa na vyeti halisi pamoja na nakala.